Barua ya chuo imefika, pesa bado: hesabu ya karo kwa mzazi wa Nairobi

Kijana wa saiba, duka la intaneti, aliacha kupiga chapa, akageuza kiti. "Mama, hapa wanataka mapato yako ya mwezi."

"Mapato gani tena? Mimi nauza mitumba Gikomba. Kuna mwezi wa kufungua bale na kuna mwezi wa kukaa."

"Fomu haijui mambo ya bale, mama. Inataka nambari."

Mama akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama sakafu. Ilikuwa mwisho wa Julai, ndani ya saiba moja ya Umoja, foleni imefika mlangoni, nami nimesimama nyuma yao na karatasi zangu za kutoa nakala. "Weka ishirini na tano," akasema. Akanyamaza kidogo. "Hapana. Weka ishirini."

Kama alizipunguza elfu tano hizo kwa hofu au ndizo zilikuwa hesabu za kweli, sikuuliza. Ila kati ya 20,000 na 25,000 pana mpaka ambao hakuna aliyeuona mle ndani: shilingi 23,670. Ukiwa chini yake, serikali inakuhesabu familia ya aina moja. Ukiupita, unakuwa familia ya aina nyingine, na sehemu yako ya karo inaongezeka maradufu. Nitaeleza.

Mzazi aliyepitia chuo cha umma enzi za nyuma hubeba kichwani nambari moja, 16,000. Hiyo ndiyo karo aliyolipa mwanafunzi wa serikali kwa mwaka, awe anasoma historia au uhandisi, na iliyobaki chuo kilidai serikalini. Aliyekosa nafasi ya serikali aliingia mlango wa pili, ule wa "parallel" ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kiliufungua mwaka 1998, akalipa bei kamili. Mfumo ulikuwa mwepesi kueleweka, na ulikuwa ukivuja: serikali haikuwa ikituma pesa zote ilizopaswa, vyuo vikazama kwenye madeni. Mei 2023 Rais Ruto akatangaza utaratibu mwingine, na ile 16,000 ikazikwa. Wazazi wengi wangali wanaifanyia matanga.

Chini ya utaratibu mpya, nafasi na pesa ni vitu viwili. Nafasi hutolewa na KUCCPS, ile idara iliyorithi kazi ya bodi ya zamani ya pamoja ya vyuo. Ukipata C+ na kwenda juu kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, unaweza kuomba shahada. Mwaka 2024 walifika hapo watahiniwa 246,391. Unalipa 1,500 ya kuomba, unachagua kozi, unasubiri. Lakini barua ya KUCCPS haina shilingi ndani yake. Pesa unaziomba mwenyewe kwa fomu nyingine kwenye HEF, tovuti ya serikali ya ufadhili wa elimu ya juu, na fomu hiyo moja inapeleka maombi mahali pawili: kwa Hazina ya Vyuo Vikuu, inayotoa ufadhili usiorudishwa, na kwa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kisheria mwaka 1995, inayotoa mkopo. Nimekutana na wazazi waliodhani kupata nafasi ni kupata vyote. Wamefika chuoni na sanduku la mtoto, na mashine ya chuo ikaonyesha deni la kozi nzima.

Sasa tuzigawe pesa zenyewe. Gharama ya kozi inakatwa vipande vitatu: ufadhili, mkopo, na mchango wa familia. Ukubwa wa kila kipande unategemea bendi mliyowekwa, na bendi ziko tano. Bendi ya kwanza ni ya nyumba isiyozidi mapato ya 5,995 kwa mwezi: ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Ya pili inafika 23,670, nayo ni 60, 30 na 10. Ya tatu inafika 70,000: 50, 30, 20. Ya nne hadi 120,000: 40, 30, 30. Anayezidi hapo ni bendi ya tano, ambako serikali inafadhili 30, mkopo 30, nawe unabaki na 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa kujikimu, 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukishuka kwa elfu tano tano hadi 40,000 kwa ya tano.

Asilimia hazimuumizi mtu hadi zigeuzwe shilingi. Chukua kozi ya 240,000 kwa mwaka, nambari ninayoitumia kwa sababu inagawanyika vizuri. Udaktari katika bei zilizotangazwa 2023 ulipita nusu milioni kwa mwaka. Mama yule wa Gikomba akiwa bendi ya pili, ufadhili ni 144,000, mkopo 72,000, naye anadaiwa 24,000 kwa mwaka, yaani 12,000 kila muhula. Akiwa bendi ya tatu, mkopo haubadiliki, ufadhili unashuka hadi 120,000, na mchango wake unapanda hadi 48,000. Tofauti ni 24,000 kwa mwaka. Kwa maneno yake mwenyewe pale saiba, ni mwezi mzima wa kuuza.

Je, ni ile nambari ya mapato peke yake inayoamua? Hapana. Kipimo kinaangalia pia ukubwa wa familia, watoto wangapi wako shuleni, gharama za elimu mnazobeba, uyatima, ulemavu, na mengine. Lakini kwa mtu asiye na hati ya mshahara, kile kisanduku cha mapato ndicho cha kubahatisha kuliko vyote. Mwalimu ana karatasi. Askari ana karatasi. Muuza mitumba, fundi wa Kariobangi na dereva wa matatu wana kumbukumbu tu, na kumbukumbu ya mwezi wa Desemba haifanani na ya Februari. Ushauri wangu ni wa kidaftari: mtoto akiingia kidato cha nne, anza kuandika ulichouza na ulichotumia, na uombe taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Hesabu faida, usihesabu mauzo. Aliyeuza nguo za 90,000 kwa mwezi baada ya kununua bale la 65,000 na kulipa kibanda na mkokoteni hana mapato ya 90,000, ila nimeona watu wakiandika hivyo kwa fahari kisha wakashangaa wamekaa bendi moja na meneja wa benki. Ukiona bendi haifanani na hali ya nyumba yako, kuna nafasi ya kukata rufaa, na rufaa yenye karatasi husikika kuliko rufaa yenye machozi.

Mfumo wenyewe haujatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba unakiuka Katiba. Serikali ikaenda Mahakama ya Rufani, uamuzi ukasimamishwa, na kazi ikaendelea. Mwaka 2025 serikali ikatangaza tena kupunguza karo ya vyuo vya umma. Kwa hiyo hesabu yangu hapo juu ichukue kama namna ya kupiga hesabu. Nambari ya mwisho ni ile iliyo kwenye akaunti ya mwanao mwaka anaoingia. Jirani aliyempeleka wake mwaka juzi hawezi kukusomea barua yako.

Chuo cha kibinafsi ni hadithi fupi zaidi. KUCCPS inaweza kumpeleka mtoto huko na HELB inaweza kumkopesha, lakini ufadhili wa serikali haupo. Kile kipande kikubwa, ambacho bendi ya kwanza ni asilimia 70, kinageuka sifuri. Vyuo kadhaa vya kibinafsi vya Nairobi ni vizuri, na vingine hukubali kulipwa kwa awamu kila mwezi, jambo linalomfaa mwenye mshahara. Ila asiingie mtu huko kwa sababu tu jina la kozi linasikika tamu.

Mpaka hapa tumezungumzia kiasi. Kinachozivunja nyumba za Nairobi, kwa nilivyoona, ni tarehe.

Kifungua mimba wangu alipoingia chuo, mchango wetu wa karo ulikuwa umekaa benki, kamili, tangu Juni. Nilitembea kwa madaha. Wiki ya kuripoti tukaambiwa hosteli zimejaa. Kupata bedsita, chumba kimoja cha kupanga, karibu na chuo ikawa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, kabla hajalala usiku mmoja. Pesa za kujikimu za HELB zilikuwa njiani, kama vile matatu huwa njiani ukimpigia kondakta simu. Nikakopa 15,000 kwa simu, kwa asilimia 7.5 ya siku 30. Siku 30 zikaisha, nikaongeza nyingine, kisha nyingine. Nililipa 3,375 ya ada kwa mkopo ambao hata karo haukuigusa. Asilimia 7.5 kwa siku 30 inasikika ndogo. Kwa mwaka ni kama 90. HELB inatoza 4 kwa mwaka.

Angalia wiki ya kwanza ya mwanafunzi wa bendi ya pili katika mfano wetu. Mchango wa muhula, 12,000. Bedsita ya 7,000 na amana yake, 14,000. Godoro 3,500. Meko na mtungi mdogo wa gesi 4,000. Kompyuta mpakato ya mtumba kutoka katikati ya jiji, 22,000. Chakula na nauli ya mwezi wa kwanza, 6,000. Bei zako zitatofautiana na zangu, lakini jumla hii ni 61,500, na karo ndani yake ni 12,000 tu. Zile nyingine 49,500 hazimo kwenye bendi yoyote wala kwenye barua ya chuo. Mkopo wa kujikimu upo, ndiyo, 55,000 kwa mwaka, lakini unagawanywa kwa mihula: 27,500 kila mmoja, na huja baada ya mtoto kusajiliwa, wakati mwingine wiki nyingi baada yake. Ufadhili na mkopo wa karo havipiti mikononi mwenu kabisa; vinaenda chuoni. Kwa hiyo pesa pekee inayoweza kumlaza mtoto mahali usiku wa kwanza ni ya kwako.

Pengo hilo ndilo la kupangia, na ajabu ni kwamba kalenda yenyewe inakusaidia. KCSE inaisha Novemba. Matokeo hutoka Januari. Vyuo hupokea wanafunzi wapya mwishoni mwa Agosti au Septemba. Katikati hapo kuna miezi tisa au kumi ambayo hulipi karo ya shule ya upili. Kama mtoto alikuwa bweni la shule ya kitaifa, karo rasmi ni 53,554 kwa mwaka, nusu yake muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Mwaka huo wa kusubiri, ukijifanya bado unalipa, Januari ukaweka kando 26,777 na Mei ukaweka 16,066, unafika Agosti na karibu 42,843. Hujabana matumizi mapya hata kidogo; umeendelea tu na maumivu uliyokwisha kuyazoea. Nyumbani kwetu pesa hiyo ilipotelea kwenye sofa. Sofa ni nzuri, bado ipo.

Nauli nayo ina hesabu yake. Mtoto anayekaa Kayole na kusoma Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya pale Haile Selassie Avenue akitumia 160 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki kumi na tano, ni 12,000 kwa muhula. Bedsita ya 7,000 kwa miezi minne ni 28,000 kabla ya kununua hata kitunguu. Anayesoma Juja akitokea Rongai hana la kujadili, atahama. Lakini nimeona familia inayoishi Pangani ikipanga bedsita Ngara kwa sababu mtoto "amekuwa wa chuo". Huo ni uamuzi wa heshima, si wa elimu, na uandikwe hivyo kwenye daftari.

Njoo sasa kwa mzazi ambaye mtoto wake ana miaka mitatu. Yeye ana kitu ambacho mama wa Gikomba hakuwa nacho pale saiba: muda. Akiweka 2,000 kila mwezi mahali panapozaa asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi, kwa miaka 15 atakuwa ametia 360,000 na kukuta kama 692,000. Anayesubiri hadi akabakiwa na miaka minne tu kabla ya chuo, atahitaji kuweka karibu 12,300 kila mwezi kufikia jumla ileile. Lakini usisherehekee 692,000 kwa macho ya leo. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, cha shilingi moja leo kitakuwa cha shilingi 2.40 baada ya miaka 15, kwa hiyo fungu hilo litakuwa na nguvu ya kama 288,000 za sasa. Bado si haba: linafunika mchango wa bendi ya tatu katika mfano wetu kwa miaka yote minne, 192,000, na kubakiza 96,000 za kuanzia maisha.

Waweke wapi? Hapa kila mtu ana dini yake. Mimi nagawa kwa tarehe.

Pesa ya mwaka huu au mwaka kesho ikae mfuko wa soko la fedha, ule watu huuita MMF, ambao wasimamizi wake hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Unaweka hata elfu moja kwa simu, unatoa ndani ya siku chache, riba inakatwa kodi ya asilimia 15. Pesa ya amana ya bedsita ikae hapo, isikae kwenye akaunti ya matumizi inapokutana na harusi ya binamu.

Pesa ya miaka kumi inastahili bondi za serikali. Tangu 2023 Benki Kuu imekuwa na mtandao wa DhowCSD, unafungua akaunti kwa simu, unaanza na 50,000. Kinachonipendeza kwenye bondi ni kwamba riba hulipwa kila miezi sita, na chuo hudai kila muhula. Mtu akichagua miezi vizuri, serikali inamlipa Agosti anachodaiwa Septemba. Bondi ya chini ya miaka kumi riba yake inakatwa asilimia 15, ya miaka kumi na zaidi asilimia 10, na za miundombinu kwa miaka mingi hazikukatwa kitu. Tatizo ni ile 50,000 ya kuanzia, na hapo ndipo MMF inageuka kibubu: jaza huko, ikifika, hamisha.

Bima ya elimu nitaitendea haki, ingawa mawakala wake wamenipigia simu mara nyingi mno. Faida yake kubwa ni moja: mzazi akifariki au kupata ulemavu, mikataba mingi huendelea kumlipia mtoto bila michango zaidi. Hakuna bondi inayofanya hivyo. Pia KRA, mamlaka ya kodi, inapunguza kodi kwa asilimia 15 ya michango, hadi 60,000 kwa mwaka, mradi mkataba ni wa miaka kumi au zaidi. Ubaya wake unakuja ukikatiza mapema: mwaka wa pili au wa tatu unaweza kurudishiwa kidogo sana kuliko ulichotia. Kwa mfanyabiashara ambaye mwezi mmoja anauza na mwingine anakaa, ahadi ya kila mwezi kwa miaka kumi na tano ni kamba shingoni. Mwenye mshahara wa uhakika na watoto wadogo, asiipuuze.

Kisha SACCO, ambayo kwa Wakenya wengi ndiyo chuo kikuu chenyewe. Watu husema "nina akiba SACCO" kana kwamba ni pesa ya kutoa. Akiba ile ya amana huitoi ila ukijitoa uanachama, kwa kawaida kwa notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mwenzako haitoki hadi apatikane mdhamini mwingine. Kazi yake ni kukukopesha, mara nyingi hadi mara tatu ya amana, kwa riba ya karibu asilimia 12 kwa mwaka inayopungua kadiri unavyolipa. Mwenye amana ya 80,000 anaweza kufika 240,000 akiwa na wadhamini. Wadhamini hawapatikani Septemba, kwa sababu Septemba kila mwanachama mwenye mtoto anatafuta wadhamini. Watafute Mei, ukiwa huna shida usoni. Na gawio hulipwa baada ya mkutano mkuu, mapema mwaka. Lile ni godoro na meko, kama hujalila na Pasaka.

Basari ni nzuri, lakini ni mvua ya rasharasha. Fomu inataka muhuri wa chifu, muundo wa karo, nakala za vitambulisho, na nauli ya kuzunguka nazo, kisha hundi ya elfu chache inaenda chuoni muhula ukielekea ukingoni. Mfuko wa NG-CDF, ule wa maendeleo ya maeneo bunge, uliolisha basari nyingi tangu enzi za sheria ya 2003 umekuwa ukipigania uhai kortini. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitamka sheria yake kuwa kinyume cha Katiba. Omba basari kila muhula, jaza ya kaunti pia, ila usiiandike kwenye bajeti hadi risiti itoke. Harambee ni vivyo hivyo. Watu watachanga mtoto akienda mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu hawapokei simu.

Kuna jambo hujadiliwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi: mkopo wa HELB ni wa mtoto. Tuuhesabu wote. Mwanafunzi wetu wa bendi ya pili anakopa 72,000 ya karo na 55,000 ya kujikimu kila mwaka. Kwa miaka minne ni 508,000. Asilimia 4 yake ni 20,320 kwa mwaka, mwanzoni. Anatakiwa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, awe amepata kazi au la, na akikaa kimya faini ni 5,000 kila mwezi. Faini hiyo kwa mwaka ni 60,000, karibu mara tatu ya riba. Wanaoumizwa na HELB, kwa kiasi kikubwa, wanaumizwa na kimya chao kuliko deni lenyewe.

Wazazi wengine, wakiogopa hilo, humkataza mtoto kukopa, kisha wao wenyewe wanakopa kwa asilimia 12 SACCO au 90 kwenye simu ili wasikope kwa 4. Kwa hesabu tupu huo ni upuuzi, hata ukiwa na pesa: MMF mara nyingi huzaa zaidi ya asilimia 4 baada ya kodi, kwa hiyo afadhali ukope HELB na pesa yako ikae ikizaa, mwanao akimaliza umkabidhi alipe deni kwa mkupuo. Najua inavyokuwa hata hivyo. Pesa iliyokaa ikizaa Nairobi ina ndugu wengi. Kama hujiamini nayo, lipa karo nayo ukope kidogo, na hakuna atakayekucheka. Kinachonisikitisha ni mtoto anayetia sahihi mkopo wa nusu milioni bila mtu yeyote kumwonyesha jumla hiyo kwenye karatasi. Keti naye mezani. Mwambie unapata kiasi gani. Watoto wetu wanajua bei ya kila simu ya Luthuli Avenue na hawajui mama yao anabakiwa na ngapi.

Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya KUCCPS kufungua, kwa kuwa kozi yenyewe ndiyo uamuzi mkubwa wa pesa kuliko yote niliyoyataja. Mtoto wa C ya kawaida anaweza kuingia stashahada katika chuo cha ufundi kama Kabete, akafanya kazi, akarudi kwa shahada. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, kinafundisha mtandaoni, na hapo bedsita inatoka kabisa kwenye hesabu. Na mwenye watoto wadogo akumbuke kwamba KCSE ya mwisho ya 8-4-4 ni 2027. Wa mtaala mpya walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wanatarajiwa kugonga milango ya vyuo 2029. Kati yenu wenye wawili waliofuatana, mmoja wa huku na mmoja wa kule, mtakuwa na wanafunzi wawili chuoni kwa wakati mmoja. Anzeni na hilo.

Pale saiba walifika ukurasa wa mwisho. Kijana akamgeukia mwanafunzi. "Nambari ya simu ya kupokea pesa?"

Akaitaja.

"Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?"

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Changu. Nilimnunulia akiwa kidato cha pili."

"Haitakubali, mama. HELB wanataka laini ya kitambulisho chake mwenyewe." Akahifadhi fomu ilivyokuwa, akawaonyesha kidole ng'ambo ya barabara, kwenye mwavuli wa kijani. "Nendeni hapo akasajiliwe laini yake, mkirudi nawaingiza mbele ya foleni."

Wakatoka haraka. Nikampa karatasi zangu.